Kiti cha Koplo Kwenye Foleni

Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa akimtunza kaka yake, aliyekanyaga bomu la ardhini akiwa jeshini. Miguu yote miwili ilikatwa karibu na nyonga. Watu waliendelea kumwita Koplo.

Kila mwaka alitakiwa apandishwe hadi ghorofa ya tatu, kwenye ofisi yetu ya majeruhi wa jeshi, aonekane kwamba bado hana miguu. Ndipo serikali iendelee kumpa muuguzi. Mara ya mwisho waliombeba walimwangusha kwenye ngazi. Tangu hapo mgongo ulijaa vidonda, asiinuke tena kitandani.

Fundi, dada yake, akaja kuomba afisa wa uhakiki amfuate nyumbani. Afisa huyo, ambaye sisi wa mapokezi tulimwita Bwana Muhuri akiwa hasikii, alimsikiliza kwa adabu.

"Dada yangu, utaratibu unasema afike mwenyewe. Asipofika mwezi huu, muuguzi anaondolewa."

"Miguu haiwezi kuota tena, bwana."

"Najua. Lakini lazima nimwone hapa."

Kesho yake fundi alikuja na kiti cha magurudumu, kitupu. Alikipanga kwenye foleni, akafunga breki, akakunja blanketi na kuliweka juu yake.

"Kaka amefika," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Tulicheka. Mlinzi akakiamkia kile kiti: "Shikamoo, Koplo. Mbona kimya?" Lakini kicheko kiliisha chenyewe. Foleni iliposogea, watu walikisogeza nacho, na hakuna aliyekikalia, hata wazee waliochoka kusimama. Mama wa usafi alipopitisha dekio chini yake alisema, "Samahani, baba." Nilimuuliza anamwomba nani samahani.

"Sijui. Wewe pita karibu yake, uone kama hutajisikia unatazamwa."

Nilipita. Blanketi lilikuwa limebonyea katikati.

Kiti kililala pale, siku baada ya siku. Asubuhi moja fundi akaja, akaenda moja kwa moja mezani kwa Bwana Muhuri.

"Kaka anaomba usimrundikie tena majalada. Jana jioni yalimlemea mapajani."

Bwana Muhuri akaacha kuandika. Baadaye alinieleza kwamba aliyaweka pale sisi tukiwa tumeshaondoka, na kuyatoa kabla hatujafika.

"Mapaja gani?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

Akachukua mkoba wake, akaniambia nimfuate.

Kilikuwa chumba kimoja. Cherehani ilikuwa dirishani, vitambaa vya wateja vimetundikwa ukutani, na harufu ya dawa ya vidonda imetanda kote. Koplo alikuwa amelala kifudifudi, uso ameuelekeza ukutani. Hakugeuka.

"Karibu, Bwana Muhuri," alisema. "Kiatu chako cha kushoto bado kinalia."

Afisa akanitazama. Nilitazama sakafu. Kisha akafunua shuka, akaona alichotakiwa kuona, akalirudisha taratibu. Aligonga muhuri akiwa ameweka karatasi kwenye goti lake.

"Muuguzi atabaki," alimwambia fundi. "Sasa njoo ukichukue kile kiti."

Fundi akageukia kitandani. "Kaka?"

"Kisitoke. Wako wenzangu hawawezi kuinuka, na hakuna aliyekwenda kuwaona. Dada, si unawajua wanapokaa?"

"Nawajua."

Jioni ile cherehani haikusikika mtaani. Fundi alikuwa akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

Asubuhi tulikuta viti vitupu vimepangwa nyuma ya kile cha Koplo hadi ngazini. Wake na mama wa wenzake walikuwa wamevileta na kwenda zao. Kimoja kilikuwa na koti la jeshi, kingine mto mdogo, na vyote vilikuwa vimebonyea katikati. Hakuna aliyemwamkia Koplo siku hiyo.

Bwana Muhuri alisimama mlangoni, akavihesabu. Kisha akanituma nikatafute anwani zao wote, akachukua mkoba. Kufika kwenye ngazi ilimbidi avipite. Alipita ubavuubavu, ameinama kidogo, kiatu kikilia, na kwenye kila kiti akasema, "Samahani."