Maua ya Mpaka wa Chuo

Naikumbuka siku niliyong'oa maua ya mpaka, mwanangu, na hadi leo mikono huniwasha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Nilikuwa nimerudi Ruiru kutoka Uganda na diploma ya ualimu, wa kwanza kijijini kwetu, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kuchuma kahawa kule Thika. Sijisifu, ingawa nilistahili sifa. Padri aliyetaka kuanzisha chuo cha Kikatoliki akaniomba nipime ardhi aliyoitoa Mzee Kamau. Askofu angefika Jumapili. Akikuta ugomvi, chuo kingepelekwa kwingine.

Nilikuta mstari wa itoka, maua ambayo wazee wetu hupanda mpakani, umepinda kama nyoka. Nami nina kamba na vigingi! Nikayang'oa yote, nikaunyoosha.

Asubuhi jirani, Mzee Njoroge, akatujia na panga.

"Haiya! Nani amekula shamba langu?"

"Ni hesabu tu, mzee. Nina diploma."

"Diploma yako ilikuwa wapi baba yangu na babake Kamau walipochinja kondoo hapa kuuapia mpaka huu?"

Wanaume wa nyumba zote mbili wakaanza kukusanyika. Siku hizo, mwanangu, kundi lenye mapanga lilitosha kuwaleta askari na bunduki. Padri akashika rozari yake.

Mzee Kamau akanigeukia. "Mwalimu, kupima unajua. Kuomba msamaha je?"

Aliye juu mngoje chini. Nikavua koti langu la Kampala, nikapiga magoti udongoni, nikaomba.

"Panda," Njoroge akasema. "Kila ua mahali pake."

"Sipakumbuki, baba."

"Mimi napakumbuka."

Akaanza kunionyesha kwa ncha ya panga lile lile, shimo baada ya shimo. Kamau akaleta maji.

Jumapili askofu akauliza mbona mpaka umepinda. "Hivyo ndivyo tulivyoelewana," Kamau akajibu.

Chuo kilianza na madarasa mawili ya mabati. Leo ni chuo kikuu, wajukuu wa Njoroge wamesoma humo, na ukuta wa upande ule bado umepinda.

Kwa hiyo mwanangu, ukirudi nyumbani na cheti chako, kuuliza si ujinga. Kabla hujanyoosha kitu, mtafute aliyekipinda, umsikilize. Mungu akunyooshee njia, na pale atakapoipinda, akupe magoti mepesi.