Punje za Kunasa Hewa

Kiwanda cha mkonge alichofanyia kazi Magreti kiliuzwa, na mwenye mali mpya hakukifungua tena. Alibaki Magomeni, mjini Kilosa, akiishi kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Kwa hiyo aliposikia kuna mtafiti Mikumi anayetaka watu wa kuchoma pumba za mpunga, alifunga mizigo akaenda.

Mtafiti huyo aliitwa Doto. Banda lake lilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Pumba zilichomwa ndani ya pipa lililofunikwa mpaka zikawa mkaa, mkaa ukasagwa, ukakandwa na udongo, kisha ukaviringishwa punje ndogo kama mbaazi. Punje hizo zilipikwa tena kwa mvuke. Doto hakutumia kemikali kali, na maji ya kuoshea aliyamwagia mchicha.

"Zina matundu madogo yasiyoonekana," alimweleza Magreti wiki ya kwanza. "Hewa ukaa ikipita, inanaswa humo. Siku moja tutazifunga kwenye mabomba ya viwanda."

Magreti alisikia ukaa, akaelewa mkaa. Hakuuliza. Doto naye hakuendelea. Wageni waliokuja kuiona kazi yake walikuwa wameshafika.

Mama yake Magreti, Teresia, aliishi peke yake Lumuma, kule milimani. Kila msimu wa baridi aliingiza jiko la mkaa chumbani na kuacha dirisha wazi kidogo, kama marehemu mumewe alivyomzoesha. Upepo wa dirisha hilo ulimtesa magoti.

Mwezi wa saba Magreti aliomba kikapu cha punje zilizovunjika.

"Chukua tu," Doto alisema, akidhani ni za bustani.

Alifika Lumuma mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mbaazi?"

"Si mbaazi. Hizi zinakamata ile hewa mbaya ya mkaa. Ziweke kando ya jiko, ufunge dirisha, upate joto."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nazitengeneza kwa mikono hii."

Teresia alichota punje chache, akazitazama kiganjani, akacheka kwa furaha. Binti yake alikuwa amepata kazi ya maana.

Magreti alirudi Mikumi. Siku chache baadaye simu ya Doto, ambayo ndugu wa Magreti waliitumia kumpata, iliita. Alikuwa Katarina, jirani wa Teresia. Asubuhi ile majirani hawakumwona Teresia akitoka, wakavunja mlango. Walimkuta amelala kama anayepumzika. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kanga, kikapu kiko kando ya jiko.

Doto alikwenda kuzika. Akiwa uani kwa wafiwa alikiona kile kikapu, akachuchumaa mbele yake.

"Dada Magreti, hizi ulimletea za nini?"

Magreti alimweleza.

"Hewa iliyomuua mama si hii tunayoinasa," Doto alisema. "Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa, unatoa sumu nyingine. Punje zetu haziiwezi. Na hata hii yetu, kikapu kimoja kisingetosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikufikiri kama..."

"Kama nini? Kama mimi ni wa kuviringisha tu?"

Kaka yake Magreti, Lazaro, alikuwa amesimama nyuma yao na alisikia kila neno. Tangu siku ile hakumsemesha tena dada yake.

Magreti alirudi bandani kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Wageni walipokuja, Doto akimaliza habari za matundu, yeye alisimama na kusema, "Hazizuii sumu ya jiko la mkaa. Msifunge madirisha." Wengine walitabasamu wakidhani ni utani. Baadaye Doto alianza kulisema neno hilo mwenyewe, kabla ya mengine yote, huku akimwepuka Magreti machoni.

Mwaka uliofuata Magreti alimwona Lazaro kando ya barabara kuu, anasubiri basi la Morogoro. Alivuka akamfuata.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," Lazaro aliitikia, macho yake barabarani.

Walisimama hivyo, bega kwa bega kama wasiojuana, hadi basi lilipokuja. Lazaro alipanda bila kuaga. Magreti alingoja vumbi litulie, akarudi kazini.