Mbegu Juu ya Mafiga

Wiki hii, kwenye zahanati moja huku Makole, muuguzi alimuuliza bibi aliyekuwa akihema kwa shida kama anavuta sigara.

"Sijawahi hata kuishika, mjukuu wangu."

"Jikoni kuna dirisha?"

"Nimeliziba. Mbegu za mtama nimezitundika juu ya mafiga. Zikikosa moshi zitatobolewa na wadudu, na mvua zikija nitapanda nini?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Zichanganye na majivu, bibi, uzifunike kwenye debe. Dirisha lizibue leo. Moshi huo unaishia kifuani mwako."

Bibi akacheka huku akikohoa. "Kumbe mbegu zimepona, nimetobolewa mimi!"

Mama yangu naye alitundika mbegu hivyo. Hazikuharibika hata msimu mmoja. Kikohozi chake tulikiita uzee.