Walinipigia Makofi Nikiwa Nimelala

Naitwa Kiden, mzaliwa wa Kuluba, Koboko, karibu na mpaka wa Sudani. Siku hizi watu wananijua kama mwalimu wa mwendo, yule mama anayewavua watu viatu na kuwauliza kisigino chao kinasikia nini. Wengine hucheka. Hata mimi ningecheka. Lakini kazi hii sikuifikia kwa kusoma, niliifikia kwa kuugua, na leo nataka kueleza ilivyokuwa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwimbaji na mcheza ngoma. Baba alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa, na vita ya mwaka wa sabini na tisa ilipotufikia tulivuka mpaka na vyungu vichwani, tukaingia Sudani. Nilikulia huko, kando ya mto Kaya, nikichota maji na kuimba. Mama alifia huko huko, shangazi yangu Hawa akanilea. Mbung'o walituuma mpaka tukawazoea. Tuliporudi nyumbani tulikuta nyasi tupu, lakini miguu yangu ilikuwa myepesi na sauti ilikuwepo. Juma, binamu yangu, fundi wa ngoma, akakusanya kikundi: ngoma tatu, adungu mbili zenye nyuzi za kulia vizuri, na mimi mbele. Tulialikwa harusi za Koboko, kisha Dranya, kisha Arua mjini kwenyewe. Nilijisikia sana, sifichi.

Ugonjwa ulianza na mwasho. Nilijikuna mapaja na mgongo mpaka damu. Zikaja homa za kwenda na kurudi, nikameza klorokwini, zikatulia, zikarudi tena. Damu ya mwezi ikakatika. Nikadhani nina mimba, na sikuwa hata na mtu wa kumsingizia.

Kisha ukaja usingizi wa mchana. Ulianzia miguuni ukapanda taratibu, kama maji ya uvuguvugu. Nilisinzia nikitwanga, mchi ukiwa hewani. Usiku macho yalikuwa makavu, mchana nilielea. Watu waliongea nami nikawaona midomo ikicheza, maneno yakafika baadaye. Hata ngoma ya Juma, iliyokuwa hatua tatu nyuma yangu, niliisikia ikitokea ng'ambo ya mto.

Sasa nasema jambo linaloniuma mpaka leo. Tulikuwa harusini Arua. Ngoma ikapigwa, mguu wangu ukachelewa. Nikainua mkono, nikausahau huko juu. Niliimba mstari mmoja, wa pili ukapotea njiani. Bibi harusi akawa mweupe, akapanuka, akawa ukungu juu ya Kaya, na mama alikuwa pale ukingoni akiniosha nywele. Maji yalikuwa matamu kichwani. Sikutaka kutoka.

Makofi ndiyo yaliyoniamsha. Watu wote walikuwa wamesimama. Mama mmoja alikuwa analia.

"Kiden," Juma akaniambia, jasho likimtoka, "hii mpya umetoa wapi?"

"Mimi hapana jua."

"Usiache! Hii iko kali sana."

Basi nikapewa sifa kwa kuugua. Mtindo ule ukapata jina, wakauita Lala. Nikipita sokoni wanawake waliita, "Kiden, tuonyeshe Lala!" Kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo nilivyozidi kualikwa. Vidole vilipoanza kutetemeka, wakasema vinatetemeka vizuri. Mate yalinitoka pembeni mwa mdomo nikiimba, na hakuna aliyeuliza.

Shangazi Hawa hakupiga makofi hata siku moja. Alasiri moja alikuwa anapepeta simsim uani, mimi nikapita nikajigonga muundi kwenye kinu. Nikaendelea kutembea. Nilipofika mlangoni ndipo maumivu yakanifikia, makali ajabu, nikapiga kelele. Akaweka ungo chini.

"Wewe nagonga mguu hapa, nalia kule. Kuja."

Akanipapasa nyuma ya shingo. Kulikuwa na vinundu vimejipanga, kama karanga zilizo ndani ya maganda yake.

"Hii iko nini?"

"Tezi tu, shangazi."

"Hapana tezi tu. Kule Sudani mimi nazika watu na hii kitu. Kesho tunaenda hospitali."

Juma akaja mbio. "Shangazi, Jumamosi iko harusi!"

"Basi wewe cheza," akamjibu, akarudi kwenye simsim yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi sikuyaficha, niliyachezesha mbele ya watu.

Hospitalini walinitoboa kidole, wakanidunga sindano shingoni, kisha wakanikunja kama mtoto tumboni, wakachoma mgongo kuvuta maji. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya uchovu.

"Mama, iko malale, ile ya mbung'o. Wadudu naingia mpaka maji ya mgongo. Dawa iko, lakini iko kali, watu wengine inaua. Bila dawa, hakuna kupona."

"Nitacheza tena?"

Akaniangalia. "Kwanza ishi."

Dawa ile iliingia mshipani kama pilipili, ikachoma mpaka kwapani. Waliniambia nilipata degedege, nikajikojolea, siku mbili sikumtambua mtu. Mama wa kitanda cha pili hakuamka. Mimi niliamka. Dunia ilikuwa na kelele! Nilisikia harufu ya sabuni, nikasikia njaa, nikamwomba shangazi ugali wa muhogo, akalia.

Lakini mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Nikajificha nyuma ya wodi nijaribu Lala. Niliinua mkono, nikausubiri ukungu. Hakuna kitu. Nilikuwa mwanamke aliyekonda tu, nimeinua mkono. Nilikaa chini nikalia, na nitasema wazi: siku ile niliutamani ugonjwa wangu urudi.

Kwa kuwa kusimama kulinishinda, nilianzia kwenye mkeka. Nililala chali nikautafuta mguu wangu kwa akili, kisigino kwanza, kisha unyayo, kisha kidole kimoja kimoja, na kila sehemu nikaipa sauti yake, nene kwa kisigino, nyembamba kwa kidole kidogo. Hayakuwa matibabu, yalikuwa mazoea ya mwimbaji. Wenzangu wa wodi wakaanza kuvumisha sauti pamoja nami. Askari mmoja mstaafu kutoka Abuku, mwenye ugonjwa huo huo, miguu yake imekakamaa, alinisikiliza kwa dharau siku nzima. Kesho yake akalala kwenye mkeka.

Baada ya wiki moja alifika bombani peke yake. Akarudi akisema, "Mimi napiga kwata miaka mingi. Hakuna mutu nauliza mguu yangu nasikia nini."

Daktari naye alikuwa ameona. "Mama, fanya na hawa wengine pia," akasema. Kazi ilianza hivyo, na miaka hii ya tisini nimeifanya Arua na Koboko, kwa waliopona malale, kwa wenye polio, kwa wanakwaya, na kwa wacheza ngoma wanaojiona.

Nilirudi jukwaani kwenye harusi moja Koboko. Watu wakaanza, "Lala! Lala!" Juma, bila kuniangalia, akapiga ule mdundo wa polepole. Nikaushika mkono wake.

"Ile ilikuwa ya ugonjwa. Piga ya kawaida."

Nilicheza. Mguu wa kushoto ulichelewa, pumzi ilinikatika katikati ya wimbo. Makofi yalikuwa ya adabu tu. Lakini udongo ulikuwa wa moto chini ya vidole vyangu vyote kumi, na bibi harusi alikuwa na mwanya.

Namshukuru Mungu, na shangazi Hawa, na yule kijana daktari. Wewe unayesoma, mwenzako akisinzia mchana usimwite mvivu, wala usimsifu. Mshike mkono mwende akapimwe. Na wewe mgonjwa unayeogopa kwamba ukipona hutakuwa tena yule waliyempenda, sikudanganyi, hutakuwa. Yule wa Arua walimpenda sana, ila mimi sikuwepo. Harusi ya Koboko niliiona yote, mpaka wali ulipogawiwa.