Nilimfundisha Baba Kupita Mtihani

Mwaka juzi nilipata kazi kwenye utafiti wa wazee hapa Gisenyi, Rwanda. Daktari aliyeuongoza alitaka kujua kama namna mwili unavyotumia sukari inahusiana na kupoteza kumbukumbu, hasa ugonjwa wa Alzheima. Wazee walikuja asubuhi bila kula, wakatolewa damu, wakapewa chai na mkate, kisha sisi wasaili tukawahoji. Nilimsomea mzee maneno matano, tukazungumza mengine, halafu nikamwomba ayarudie yale matano.

Baba yangu ana kisukari, kwa hiyo naye aliandikishwa. Mimi sikuruhusiwa kumhoji. Angehojiwa na binti mwenzangu. Siku chache kabla ya zamu yake tulikuwa nyuma ya nyumba tukipukuchua maharage.

"Mwanangu, huko mnauliza nini?"

"Siwezi kukuambia, Baba."

Aliendelea kupukuchua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwanza Bukoba, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, baadaye karibu na Nyundo. Kisha akasema bila kunitazama, "Siku hizi vitu vinanitoka. Sitaki yule binti anicheke."

Nilijua vinamtoka. Mara nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Nilijua, ila sikutaka kukubali. Basi nikampa yale maneno: ndizi, mlango, shati, mvua, ng'ombe. Tuliyarudia kila jioni mpaka akawa anayaimba akinawa mikono. Alikuwa amechangamka kama zamani, nami nikajiambia kwamba hakuna anayeumia.

Siku ya zamu yake mwenzangu, mtoto wa mpakani mwenye ndugu Goma, alitoka chumbani akicheka. "Muzee wako iko sawa kabisa! Amesema maneno yote, bila hata kufikiri."

Walioshindwa walipelekwa hospitali wakapimwe zaidi. Baba alirudi nyumbani, na Jumapili akavaa suti kwenda kanisani kama mtu mwenye sherehe.

Miezi ikapita. Mchana mmoja nilipigiwa kwa simu ya Baba, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Muzee wako iko huku Rubona, kwenye tunauzishia samaki. Anasema anangojea gari ya Bukoba. Alikuwa anatetemeka sana, mi nimemupatia chai ya sukari. Kuja mbio."

Nilimkuta amekaa juu ya kreti la bia lililopinduliwa, shati limelowa jasho. Aliniamkia kwa adabu: "Habari za kazi, mama?" Alikuwa hanijui. Nilikaa chini kando yake mpaka akamaliza kikombe cha pili, ndipo akaniita mwanangu.

Nyumbani nilifungua pakiti ya dawa zake za kisukari. Ilikuwa ya mwezi mzima, na mwezi ulikuwa haujafika katikati, lakini vidonge vilikuwa vimekaribia kwisha. Alikuwa anameza, anasahau, anameza tena, mpaka sukari ikamshuka mno.

Kesho yake nilimweleza daktari wa utafiti kila kitu. Aliweka kalamu mezani.

"Matokeo yake nitayafuta, hilo ni dogo," alisema. "Ugonjwa wenyewe tusingeweza kuuponya. Lakini kama tungejua, tusingemwacha ameze dawa peke yake."

Aliniondoa kwenye usaili, nami sikubisha.

Baba alipimwa upya, safari hii kwa maneno mengine. Niliruhusiwa kukaa pembeni. Alipoulizwa ayarudie, alifungua mdomo, akaufunga, kisha akageuka kunitazama, akingoja nimsaidie. Nikatazama sakafu. Hospitali wakasema kwamba yaelekea ni Alzheima.

Sasa dawa ninazishika mimi, na sukari yake imetulia. Nimejaribu kumwomba msamaha. Mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga, akauliza, "Kwa hiyo nilianguka mtihani?" Nikamwambia kosa ni langu, si lake. Tulipomaliza kula alikuwa amesahau yote. Wiki iliyofuata nilimwambia tena, kwa sababu moyo wangu ulikuwa haujapoa, naye akaumia upya, kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Tangu hapo nimeacha. Asubuhi nampa kidonge chake na glasi ya maji, anakimeza mbele yangu, na kila siku ananishukuru.