Chaguo la Kwanza la Injinia

Mtoto wa dada yangu tulimwita Injinia tangu hajaanza shule, kwa sababu alikuwa hawezi kuona mlango asiupime. Alikuwa akichukua tepu ya mama yake, akipanda kiti, akipima mlango, dirisha, meza, hata mgongo wangu nikiinama kufagia. Alipokua tukagundua kwamba hakutaka kujenga bali kuchora majengo, na kwamba watu wa kazi hiyo huitwa wasanifu. Lakini jina lilikuwa limeshakaa, na sisi si watu wa kubadilisha jina kwa ajili ya usahihi.

Mimi na dada tunashona. Chumba chetu kina cherehani mbili zilizotazamana, meza ya kukatia, pasi, na kioo ambamo wateja hujitazama wakagombana na miili yao. Dada hukata na kushona. Mimi ni wa matundu ya vifungo, mapindo na maneno. Alipokuwa mdogo Injinia alisomea chini ya meza ya kukatia, alipokua akahamia juu yake, akichora nyumba kwenye mabaki ya karatasi za kaki tunazochorea vipimo. Nyumba zake zilijaa madirisha. Nilimuuliza nani atayasafisha, akasema, "Si wewe, mama mdogo?"

Dada yangu ana kanuni moja ya kazi, na ni hiyo iliyotuponza. Hakati nguo kwa kipimo kamili. Akishakupima, anaongeza. Ndani ya kila mshono huacha kitambaa cha ziada, na kwenye pindo huacha zaidi, kwa kuwa gauni likiwa kubwa atalipunguza, likiwa dogo ndio basi tena. Hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu, na jambo hilo humsimulia yeyote atakayesimama mlangoni.

Mwaka wa mwisho wa sekondari wanafunzi walitakiwa kupanga vyuo wanavyovitaka, cha kwanza mpaka cha mwisho, kabla ya mtihani. Injinia alikitaka chuo cha usanifu, ambacho huchukua wanafunzi wa kujaza darasa moja tu kutoka nchi nzima. Wiki nzima alikaa kwenye meza ya kukatia akilinganisha alama zake za majaribio na za waliochukuliwa miaka ya nyuma. Hakujidanganya, nampa haki yake. Alama za fizikia alizikadiria chini makusudi, asije akajipendelea. Alipomaliza akamwambia mama yake, "Naweza kupata, mama. Sina hakika, lakini nikikaza fizikia, uwezekano ni zaidi ya nusu."

"Na hicho kinachobaki?" dada akauliza, pini mdomoni.

"Hicho ndicho cha kukosa."

"Basi weka kwanza chuo cha ualimu. Pale unaingia hata ukisinzia kwenye mtihani. Hao wachoraji waweke wa pili. Wakikutaka watakuona hapo hapo."

"Mwalimu anasema tuanze na tunachokipenda."

"Mwalimu ana mshahara wake. Wewe una mimi."

Nikaingilia. "Dada, mwache ajaribu. Huyu mtoto anajua hesabu kuliko sisi wote humu ndani."

Dada akanijibu, bila hata kunitazama, kwamba ningekuwa nimezaa ningezungumza mengine. Hapo moto ukawaka. Tulirushiana maneno mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akasema atarudi kesho. Injinia alitusikiliza, akakunja karatasi zake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama. Ualimu kwanza. Msigombane." Ndivyo alivyojaza.

Matokeo yalipotoka, fizikia ilikuwa juu kuliko alivyothubutu kuiwaza. Dada alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna posa. Baada ya muda majina ya waliopangiwa vyuo yakatoka, na la Injinia lilikuwa chini ya chuo cha ualimu. Akaniomba nimsindikize chuo cha usanifu akaulize, huenda kuna makosa. Dada alibaki na sare za shule zilizokuwa zinangojewa.

Ukumbini mwa chuo kile kulikuwa na nyumba ndogo za kadibodi walizotengeneza wanafunzi, zimepangwa juu ya meza ndefu. Injinia alizipita kwa shida. Karani aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Alitazama kompyuta, akavua miwani.

"Alama zako zinatosha, binti. Kusema kweli zinazidi. Tumechukua wa chini yako. Ila sisi hatukuletewa jina lako. Ukishapata ulikoweka kwanza, safari inaishia hapo. Cha pili hakiangaliwi."

Nikauliza habari za mwakani. Hakuficha. Itabidi aiache nafasi aliyopewa pamoja na ufadhili wake, aombe upya, na hakuna wa kumwahidi. "Nendeni mkazungumze na wazazi," alisema.

Injinia akashukuru, akauliza kama anaruhusiwa kuziangalia zile nyumba. Alizitazama moja moja, mikono ameiweka nyuma asije akagusa. Nikajikaza kisabuni, nikashindwa, nikatoka nje kulia.

Njiani akaniambia, "Mama mdogo, mama asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba zilitosha."

"Na kuomba tena?"

"Nikiomba tena lazima nimweleze kwa nini. Atakaa kwenye cherehani akiliwaza hilo siku zote."

Nikamwambia mama yake ni mtu mzima, atavumilia.

"Atajifanya anavumilia," akasema.

Alikuwa anasema kweli, nami nikapandwa na hasira. Nilimkasirikia dada, nikakikasirikia chuo, nikamkasirikia na mtoto mwenyewe kwa kuwa na roho nzuri kupita kiasi.

Tulimkuta dada amepiga magoti mbele ya kioo, akimkunjia mteja pindo la gauni. "Haya, wamesemaje?"

"Hazikutosha, mama. Zilipungua kidogo."

Dada akasimama, akamkumbatia mwanawe. Uso wake ulijaa huruma, na ndani ya huruma ile niliona amepumua. Kisha akamgeukia mteja. "Unaona? Huyu alitaka kukiweka hicho cha kwanza, nikamkatalia. Leo angekuwa amekaa hapa hana mbele wala nyuma."

"Mama ni mama," mteja akasema.

"Ndiyo," Injinia akasema. "Umeniokoa, mama."

Akaketi kwenye kiti changu, akachukua sare iliyokuwa juu ya rundo, akaanza kutunga uzi. Dada akanitazama kwa jicho la ushindi, akisubiri. "Na wewe uliyenitolea maneno siku ile, unasemaje?"

Injinia aliinua macho akanikazia.

"Ulikuwa sahihi, dada," nikasema.