Nilijibu Hapana

Mwaka ule sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani Nyakato. Niliahidiwa mche mmoja nimtafsirie mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa kwenye shahada yake ya pili, anasomea akili za watu waliofanya makosa. Mimi niliishia darasa la saba na nilikuwaga mwoga wa kusema mbele ya wasomi, ila Kijita ni lugha ya nyumbani.

Mahabusu wake alikuwa mama mmoja wa Guta, asiyejua Kiswahili vizuri. Alimpiga mume wake kwa kasia, mume akafa. Mwanafunzi alinieleza njiani: daktari akiona mama alikuwa mgonjwa wa akili, atapelekwa hospitali. Asipoona hivyo, ni kitanzi.

Tulikaa kwenye benchi la gereza. Askari wa kike akatania, "Mama, leo umeletewa posa?" Mama akacheka kidogo.

Mwanafunzi aliandika nyuma ya fomu zilizokwisha kutumika. Karatasi ilikuwa shida.

"Mdogo wangu, muulize kama huwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo."

Nikamuuliza.

"Wasiokuwepo akina nani?" mama akasema. "Mimi naongeaga na baba mkwe tu, asubuhi nikichota maji. Ndiye aliyeniambia chukua kasia."

Baba mkwe alikuwa amekufa zamani. Lakini kwetu marehemu wa nyumbani yupo. Bibi yangu alimmwagia babu togwa kaburini na kumsalimu, na hakuna aliyemwita daktari. Tena niliona aibu msomi asikie kwamba tunaongea na makaburi.

"Anasema hapana, kaka."

Akaandika. Niliona nimemsitiri mama.

Wiki iliyofuata tulikwenda Guta kuona nyumbani kwake. Uwanja ulikuwa umeota majani. Kaburi la baba mkwe lilikuwa bado na mawe yake yote.

Stendi ya Bunda, akisubiri basi la Mwanza, mwanafunzi alinipa mche wangu. Akasema maelezo yameshafika kwa daktari.

"Angekuwa anasikia sauti angepona kitanzi. Lile swali ndilo lilikuwa lenyewe."

"Asante, kaka," nikasema. Basi likaondoka.

Barua ya kumweleza mwanafunzi ukweli niliiandika siku nne. Kila mstari niliufuta nikauandika upya. Nikaipeleka posta Musoma. Mama alihukumiwa kunyongwa kabla sijapata jibu.

Nyumbani sabuni ilikatwa vipande vinne. Nilifulia kama wengine.